Miguu Yangu na Kobe Wawili

Lile beseni la bluu halikuwa la miguu yangu.

Kwa muda mrefu, kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba nyayo zangu zina shida, na kwamba daktari ameniambia niziloweke katika maji ya vuguvugu kila asubuhi. Nilimwambia jirani. Niliwaambia kina mama wa kanisani. Nilimwambia hata mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye nyumba moja na ambaye ndiye aliyeizaa hiyo miguu. Nyayo zangu ni nzima. Maji yale yalikuwa ya kuogeshea kobe.

Msomaji asiyeishi Isiolo huenda asione aibu iko wapi. Mtaani kwetu mfereji hutoa maji siku unapojisikia. Usipojisikia, tunanunua kwa mitungi kutoka kwa mwenye mkokoteni wa punda, na kila mtungi unakuwa na kazi yake kabla haujashushwa mlangoni. Maji ya kufulia nguo ndiyo yatakayosugua sakafu, na maji ya sakafu ndiyo yatakayomwagiwa mpapai. Katika mji wa namna hiyo, mwanamke mzima anayepasha maji safi asubuhi, akayapima joto kwa kiwiko, kisha akawaketisha kobe wawili ndani kama wageni wa hoteli, hawezi kujieleza kwa mtu akaeleweka.

Halafu kulikuwa na ile makala. Miaka michache kabla ya kobe, niliandika gazetini kuwacheka watu wa mitaa ya kifahari wanaowaosha mbwa kwa shampuu na kuwakausha kwa mashine ya nywele. Niliandika kwa ukali wa mtu ambaye hana mbwa. Nilisema sisi tuliolelewa na wafugaji tunajua mnyama ni mnyama. Makala ilipendwa. Mama aliponitaka nimsomee, alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya leso. Sasa mtu aliyeandika hayo atasimama wapi na kusema, samahani, nina kobe wanaongoja kuogeshwa?

Kobe wenyewe hawakuwa wangu. Walikuwa wa binti yangu, aliyewapata kihalali, na kibali chao nilikitundika sebuleni kando ya picha yangu ya kuhitimu chuo kikuu. Wageni walikuwa wakisoma kibali kwanza. Binti alipata kazi Nakuru, na mwenye nyumba wa huko hakutaka mnyama wa aina yoyote, hata asiyepiga kelele. Basi akaniachia. Mmoja alijaa kiganja. Mwingine, ambaye nitamwita mdogo, hakuzidi nusu ya limau, na gamba lake lilikuwa na madoa ya njano na meusi kama kitu kilichochorwa na mtu mwenye haraka.

"Mathe," binti aliniambia mlangoni, begi begani, "usisahau kuwaogesha. Hao ni watoto. Wanakauka haraka."

Nikasema sawa, kwa ile sauti ambayo wazazi huitumia wanapotaka mtoto aende asikose gari.

Sikuwaogesha. Na hapa si kwamba nilisahau. Nilikuwa na nadharia. Baba yangu alifuga ngamia upande wa Gotu, na mimi nilikua nikimwona akiwazoesha kiu. Ngamia hunywa, kisha hukaa. Safari inayofuata hukaa zaidi kidogo, na inayofuata zaidi, mpaka anakuwa mnyama anayeweza kuvuka nchi kavu bila kumtia bwana wake wasiwasi. Kwetu, mnyama anayelilia maji kila siku ni mnyama aliyelelewa vibaya, na lawama ni ya aliyemlea. Nikawatazama kobe wale, wana wa nchi hii hii ya miiba na vumbi, nikaona kazi yangu ni kuwafanya watu wazima. Nikawapa majani, nikawapa kivuli, maji nikawapimia kama Baba: kifuniko kidogo leo, kisha kimya kirefu.

Mama aliniunga mkono. "Wewe umewahi kumwona kobe kisimani?" aliniuliza.

"Sijawahi."

"Basi."

Hoja hiyo ilinitosha, mimi niliyefundishwa chuoni kuuliza ushahidi uko wapi.

Yule mkubwa alistahimili. Mdogo akaanza kubadilika, polepole, kwa namna ambayo mtu anaweza kuikataa akitaka, nami nilitaka. Kwanza aliacha kufuata jua uani. Kisha akaacha majani, hata maua ya mbaazi aliyokuwa akiyang'ang'ania na mwenzake. Macho yakaingia ndani. Ngozi ya miguu ikalegea kama soksi ya mtoto aliyekonda. Siku niliyomwinua nikaona nimeinua kitu chepesi, chepesi mno, kama ganda ambalo mwenyewe ameshahama, ndipo nilipoacha nadharia. Nikamfunga ndani ya mtandio na kwenda naye soko la mifugo, kwa sababu siku ya soko daktari wa mifugo hukosi kumpata pale.

Alikuwa amezungukwa na mbuzi. Nilipofungua mtandio alinitazama kama mtu aliyeletewa jiwe.

"Huyu ni wa kuchanja?"

"Hali chakula, daktari."

"Na akila, mama, utamuuza kwa kilo?"

Wachuuzi wa mbuzi wakacheka, nami nikacheka pamoja nao ili isionekane ninachekwa mimi. Lakini daktari yule alikuwa mtu mwema. Alinawa mikono, akampigia simu mwenzake aliyesoma naye, ambaye anatibu wanyama wa porini, na mashauriano yakafanyika hivyo, yeye akiwa katikati na mbuzi wakishangilia.

"Anauliza huyu kobe anakunywa maji?"

"Kobe hanywi maji," nikasema.

Akarudia hayo kwenye simu. Akasikiliza. "Anasema mwambie huyo mama, kobe anakunywa."

Sauti ya upande wa pili niliisikia ikiendelea kwa muda. Daktari aliitikia, akambonyeza mdogo taratibu karibu na miguu ya nyuma, akaitikia tena. Alipokata simu hakuwa akitania. Kobe mchanga, alisema, anakauka haraka kuliko mkubwa. Akikauka, ule uchafu mweupe unaotakiwa kutoka na mkojo unagandia ndani kama chokaa, na huyu amegandiwa. Nimwogeshe kila asubuhi katika maji ya vuguvugu, yasiyopita kidevu, nisimwache peke yake majini, maji yakipoa niongeze ya moto kidogo kidogo kando yake. Nikishamtoa nimkaushe na kumweka juani, nami ninawe mikono kwa sabuni. Beseni lisirudi jikoni.

"Nitajuaje kwamba anapona?"

"Akikojoa," alisema. "Akitoa ile chokaa, utamwona anarudi. Asipoitoa..." Akamshika mbuzi aliyekuwa karibu naye na kumtazama meno, ingawa sidhani meno ya yule mbuzi yalikuwa na tatizo.

Nilirudi nyumbani kupitia dukani. Nikanunua beseni la bluu.

Asubuhi iliyofuata nilibeba maji nyuma ya nyumba, kando ya bafu la mabati, mahali ambapo jua linafika mapema na macho ya watu yanachelewa. Yule mkubwa alinishangaza. Niliwaza atapigana. Badala yake alinyoosha shingo ndefu ambayo sikujua anayo, akazamisha kichwa chote mpaka macho, na koo likaanza kwenda juu na chini. Alikunywa kama mtu aliyekuwa na mengi ya kusema na sasa kaamua kutosema. Kisha akakojoa kiasi kwamba ilibidi nibadilishe maji yote. Ndani ya mnyama yule kulikuwa na bwawa, na mimi nilikuwa nikimpimia kwa kifuniko.

Mdogo alikaa tu. Nilimshikilia ubavuni kwa vidole viwili ili asiegemee. Alifumba macho. Maji yalibaki safi.

"Hayo maji ni ya nini?" Mama aliuliza kutoka dirishani.

Ningeweza kusema ukweli. Ilikuwa asubuhi nzuri ya kusema ukweli. Lakini palikuwa na makala, na palikuwa na kisima kisicho na kobe, na mkokoteni wa punda haukuwa umepita mtaani kwa siku kadhaa. Nikawafunika kobe kwa upindo wa gauni.

"Ya miguu," nikasema. "Inaniuma."

Uongo wangu haukukaa uani. Mama akamweleza jirani. Jirani ni mke wa mwenye malori, familia ya Kiislamu iliyokuwa hapa mjini kabla ya barabara kuwekwa lami, na moyo wake ni mkubwa kuliko lori lolote la mumewe. Akaja jioni hiyo hiyo.

"Salaam aleikum. Abaayo, nimesikia miguu."

Abaayo ni dada kwa Kisomali, na akikuita hivyo ujue hutaondoka bila kutibiwa. Alikuwa na kikopo cha mafuta ya nundu ya ngamia. Akanikalisha, akanivua viatu, akakagua nyayo zangu na kusema, kwa masikitiko, kwamba ugonjwa uko ndani, nje hauonekani. Nikapaka mafuta yale kwa sababu alikuwa akinitazama. Jumapili, Mama akapeleka miguu yangu kanisani. Kina mama wakaja nyumbani kuiombea, wakanizunguka, mmoja ameshika goti, mwingine kifundo, na mimi nimefumba macho nikimwomba Mungu asiwasikilize kwa makini sana, maana sikujua atafanya nini na miguu mizima iliyoombewa namna ile.

Binti naye alipiga simu kuulizia kobe wake. "Wako sawa," nikasema. Nikamtumia picha. Zilikuwa picha za yule mkubwa, mara kutoka kushoto, mara kutoka kulia.

Na kila asubuhi beseni. Mkubwa alifika kwenye maji kwa mbio, kama mbio ni neno linalofaa. Mdogo nilimweka, nikamshikilia, nikaongeza maji ya moto kando, nikaongea naye. Niliongea naye mambo ya kijinga ambayo singependa kuyaona yamechapishwa. Maji yalibaki safi. Nimewahi kungoja majibu ya mitihani, ya wachapishaji na ya mwanamume mmoja, na sijawahi kuyakodolea macho majibu kama nilivyoyakodolea maji yale, nikitafuta wingu jeupe.

Ilipokuwa hivyo ndipo ilipofika siku ya mwaliko niliokuwa nimeukubali zamani, wa kwenda Oldonyiro kuamua mashindano ya insha ya shule za huko. Ni safari ya kulala, na barabara yake inakurudisha nyumbani ukiwa na rangi ya barabara. Walimu walishaandaa, watoto walishaandika. Singeweza kutokwenda. Singeweza pia kumwacha mdogo bila maji, kwa sababu asubuhi ile alikuwa hafungui macho kabisa, na nilijua, kama mtu ajuavyo mambo asiyotaka kuyajua, kwamba hana asubuhi nyingi za kungoja.

Nilimkuta Mama akichambua maharagwe. Nikaketi mkekani. Nikamweka mdogo katikati yetu.

"Mama, miguu yangu haiumi."

Aliendelea kuchambua. "Mungu ni mwema."

"Haijawahi kuuma. Maji yale ni ya kobe. Huyu anakufa, na asipoogeshwa mpaka akojoe, atakufa nikiwa Oldonyiro."

Mikono yake ikasimama. Alimtazama kobe, akanitazama mimi, akaitazama miguu yangu, ambayo kwa kweli ilikuwa inang'aa. Visigino havijawahi kuwa laini vile.

"Kwa hiyo," alisema, "nimeombea kobe."

"Kwa namna fulani."

"Na kina mama wote wale. Mmoja alifunga."

Nikamweleza nadharia yangu ya ngamia, nikidhani kumtaja Baba kutanisaidia. Ikawa ndipo alipokasirika.

"Baba yako? Baba yako alimnyima maji nani? Alizoesha ngamia walioachishwa ziwa. Ndama anayenyonya hakumgusa. Akimkuta mchanga ana kiu, alikuwa anamnywesha yeye mwenyewe, kwa mkono, hata kabla hajanywa yeye. Wewe ulikuwa hapo. Ulikuwa unaangalia nini?"

Nilikuwa hapo, ni kweli. Niliwaona ngamia wakubwa wakiondoka na kiu kwa mwendo wa fahari. Ndama lazima walikuwa nyuma, zizini, kwenye kivuli, na mtoto anayetaka kuona ushujaa hatazami nyuma.

"Utamwogesha?" nikauliza.

"Mimi sishiki kobe," alisema Mama, na kurudi kwenye maharagwe.

Nikaondoka hivyo. Nilimwachia maagizo yote kwa mdomo, mara mbili, huku akijifanya hasikii.

Oldonyiro nilisoma insha za watoto kuhusu ukame, kuhusu mbuzi aliyepotea, kuhusu ndoto ya kuwa rubani, na kila sentensi niliisoma zaidi ya mara moja kwa sababu mara ya kwanza akili yangu ilikuwa kwenye beseni. Nilipolala simu ilikuwa haina mtandao. Asubuhi, mwalimu aliyenipokea akaniambia mtandao uko sokoni, upande wa zizi la mbuzi, nisimame karibu na nguzo ya kona na nisisogee. Nikaenda. Nikasimama. Vumbi la mifugo lilikuwa likipanda, watu wakipapasa migongo ya mbuzi na kubishana bei. Nilimpigia Mama, hakupokea. Nikampigia tena. Nikaanza kumtungia binti maneno kichwani: nilijaribu, alikuwa mdogo sana, hakuteseka. Yalikuwa maneno mazuri na niliyachukia yote.

Simu ikalia mkononi.

"Haloo? Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama. Sema."

"Umekula?"

"Mama!"

"Nauliza mtu kama amekula ananipigia kelele."

"Nimekula. Kobe?"

"Ngoja nikae." Nikasikia kigoda kikiburutwa. Nikasikia pia sauti nyingine, ya mwanamke, ikisema kitu na kucheka. "Jana nilimweka kwenye maji, akakaa tu, macho kayafumba. Nikamwambia, wewe, mimi nimelea watoto na wajukuu, hakuna hata mmoja aliyenishinda kwa mambo ya kukojoa. Leo nikamweka tena. Maji yakapoa, na makaa yalikuwa yamezima. Ikabidi nimwite jirani alete maji ya moto kwenye chupa yake ya chai."

"Umemwambia jirani?"

"Ulitaka nimbebe kobe kwenye leso nimwambie ni miguu yako?"

Sauti ile nyingine ikasogea karibu na simu. "Abaayo! Mafuta yangu utanirudishia!" Kisha kicheko.

"Nyamaza kwanza, nasimulia," Mama alimwambia. "Basi tukamwaga ya moto kando, vile ulivyosema. Akafungua jicho moja. Akafungua la pili. Halafu akatumbukiza kichwa chote ndani. Mimi nikapiga ukelele, nikajua amezama. Kumbe anakunywa! Alikunywa, mwanangu, alikunywa kama ngamia wa baba yako wakifika kisimani. Koo linaenda hivi, hivi. Halafu akasukuma na miguu ya nyuma, akasukuma, na maji yakawa meupe. Katoa kitu kama chokaa. Sijui mwili ule ulikuwa umekiweka wapi."

"Mama. Amekojoa?"

"Amekojoa. Amekojoa vizuri sana. Sasa yuko juani anauma ua la mbaazi, na yule mkubwa anataka kumnyang'anya nami nimemzuia kwa kandambili."

Nikaketi chini, pale pale kwenye nguzo, kwenye samadi ya mbuzi, na gauni langu la kuamulia insha. Sikulia. Nilicheka, lakini kwa macho yaliyolowa. Mwanamke aliyekuwa akiuza majike wawili wa mbuzi akaniinamia.

"Mama, ni habari njema? Kuna mtoto amezaliwa?"

Nikatikisa kichwa, kisha nikaona itakuwa hadithi ndefu, nikakubali.

"Hongera! Wa kike au wa kiume?"

"Bado hatujui," nikasema. "Mpaka akue."

Alinitazama, akawavuta mbuzi wake hatua moja kando.

"Unaongea na nani?" Mama aliuliza simuni.

"Kuna mama hapa anatupa hongera."

"Mwambie asante. Na mtoto wako nimempigia, nimemweleza yote, naye akagundua zile picha zote ni za kobe mmoja. Anasema ukirudi umpigie."

"Amekasirika?"

"Amekasirika, halafu akacheka. Ukirudi utajua ni kipi kilichobaki." Alishusha sauti. "Sikiliza. Maji ya kesho nimeshayaweka kando. Kina mama wa kanisa wanakuja asubuhi, na wakiliona beseni nitawaambia ni maji ya miguu."

"Mama, si tulishamaliza uongo wa miguu yangu?"

"Yako imeshaombewa," alisema. "Sasa ni zamu ya yangu." Akakata simu.